Ngano Bila Komamanga

Thimio alikuja shuleni na ndara miguuni, kidevu hakijaguswa na wembe tangu mazishi, nikajua amekuja kugombana. Watoto walikuwa nje kwa mapumziko. Hakunisalimu. Alisimama mlangoni mwa darasa langu la tatu akaniambia binti yake Areti amebeba makomamanga yote ya nyumbani, amewatupia kondoo wa jirani, na mwenye kosa ni mimi.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa arobaini ya mkewe Fotini. Huku kwetu Thesalia, Ugiriki, arobaini haifanywi bila koliva: ngano ya kuchemsha yenye lozi na zabibu kavu, sukari juu yake, na punje za komamanga. Ikishaombewa kanisani kila mtu hupewa kiganja chake, akala na kusema Mungu amrehemu marehemu. Bibi Lambrini, mama yake Thimio, alikuwa ameshachemsha ngano, akageuka kutafuta makomamanga, asiyaone. Alipombana mjukuu wake, mtoto akajibu kwamba mama akila komamanga huko chini hatarudi tena. Kasema nani? Kasema mwalimu.

"Sasa ndiyo kazi mnayolipwa hiyo?" Thimio aliniuliza. "Mama yangu kalia asubuhi nzima."

Nilimwachia aseme. Alisema mengi. Kwamba Mungu ni mmoja, na hao miungu wengine wa kitabuni ni porojo za watu waliooza zamani. Kwamba mtoto wa mkulima afundishwe hesabu, ajue kupima mbolea, si nani alimwiba binti wa nani. Mwisho akatoa neno lililonichoma: arobaini ikipita anampeleka Areti mjini Larisa kwa shangazi yake, akasome huko, mbali na mimi na miungu yangu.

Areti ana miaka minane. Amempoteza mama, na sasa apoteze nyumba, bibi, na rafiki zake kwa mpigo mmoja. Nikasema moyoni, hilo halitatokea nikiwa hai.

Wala sikuwa nimemdanganya mtoto. Darasa la tatu historia huanza na miungu ya kale ya Wagiriki, ndivyo ilivyokuwa hata nilipokuwa mimi mwanafunzi, na juma lile tulikuwa tumefika kwa Demetra, mama wa nafaka, ambaye binti yake alinyakuliwa na mfalme wa kuzimu. Mwalimu mkuu alikuwa ameniomba niiruke hadithi hiyo kwa ajili ya Areti. Nilikataa. Nilimwambia mtoto huyu amekesha na jeneza la mama yake sebuleni, nikifunga kitabu namficha nini? Basi yeye, kwa huruma yake isiyo na akili, akaja katikati ya somo akamshika Areti mkono akamtoa nje hadi uani, akampa biskuti. Alimtoa pale pale binti wa hadithi alipokula komamanga la kuzimu, na alaye cha kuzimu ni wa kuzimu. Mtoto akabaki na hapo tu.

"Jioni nakuja kwako," nilimwambia Thimio.

"Kufanya nini?"

"Kuimalizia. Binti yako ana nusu hadithi, na nusu hadithi ni sumu."

"Usije, Mwalimu."

"Nakuja. Ukitaka funga mlango, nitasimulia dirishani."

Jioni nilichuma makomamanga ya mti wangu nikashika njia. Mashamba ya watu wote yalikuwa yameshalimwa na kupandwa. La Thimio lilikuwa bado mabua ya mavuno yaliyopita, na trekta lake limesimama bandani, kuku wamelala juu ya kiti. Kijiji kizima kilikuwa kikipita hapo, kikitazama na kunyamaza, eti mwacheni ana msiba. Nami nilikuwa mmoja wao.

Mlango haukufungwa. Bibi Lambrini alinipokea kwa uso mkavu, lakini mgeni ni mgeni, akaniwekea kahawa. Ngano ilikuwa imetandazwa mezani juu ya shuka nyeupe ikauke. Thimio alikaa kando ya jiko akitazama sakafu. Areti alipoona nilichobeba akarudi nyuma hadi ukutani.

Nilimwita akae karibu nami. Sikuzunguka mbuyu.

"Mama yako harudi, Areti. Ukiweka komamanga harudi, usipoweka harudi."

Bibi Lambrini akafanya ishara ya msalaba. Mtoto hakulia.

"Sasa kwa nini ulitusomea?"

"Kwa sababu ile si hadithi ya aliyekwenda chini. Ni ya aliyebaki juu. Mwalimu mkuu alikutoa darasani kabla ya kumsikia."

"Alifanya nini?"

Nikamwambia. Demetra aligoma. Hakula, hakuoga, alizurura amevaa nguo chakavu hakuna anayemtambua. Na kwa kuwa ngano yote ilikuwa mkononi mwake, aliizuia ardhini, hata shina moja lisitoke. Watu wakaanza kufa njaa, naye hakujali.

Areti aligeuka akamtazama baba yake, kuanzia ndara mpaka ndevu.

"Kama Baba," alisema.

Bibi Lambrini aliinamia ngano yake akawa anaokota mawe yasiyokuwepo. Niliona aibu kwa ajili ya Thimio, na bado sikutaka kumwokoa.

"Halafu?" mtoto akauliza.

"Halafu akaiachilia ngano. Hakupewa alichotaka chote. Binti alimrudia kwa sehemu ya mwaka tu, na kila alipoondoka uchungu ulikuwa ule ule. Lakini ngano aliiachilia."

"Kwa nini, kama bado anaumia?"

"Juu walikuwepo watu hai, na walikuwa na njaa."

Areti alifikiri. Kisha akasema, si kwa kulaumu, kama anayeuliza saa ya chakula: "Baba, sisi tunapanda lini?"

Thimio akainuka akatoka. Nilidhani nimemvunja, na kwamba asubuhi mtoto atapandishwa basi la Larisa kwa sababu yangu. Bibi Lambrini naye alidhani hivyo, maana alinitazama kwa jicho baya. Kisha tukasikia kuku wakipiga kelele bandani, wanafukuzwa, na trekta likakohoa, likazima, likakohoa tena, likawaka.

Bibi Lambrini alikaa chini. Machozi yalimtoka akayaacha yatiririke.

"Mimi shule niliachia darasa la pili," alisema. "Hata sikufika kwenye hayo yenu."

Akalipasua komamanga la kwanza kwa kisu akamsogezea mjukuu wake bakuli.

Jumamosi sinia la koliva lilikaa mbele kanisani, na katikati ya sukari, kwa punje nyekundu, ilikuwepo herufi ya kwanza ya jina la Fotini. Mstari wake mmoja ulikwenda upande. Hakuna aliyeuliza nani ameipanga.

Ibada ilipokwisha Thimio alisimama mlangoni kugawa, amenyoa, viatu vina tope kisiginoni. Mwalimu mkuu alipofika akakinga kiganja, akatoa pole, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba lile somo tutalitazama upya, asiwe na wasiwasi.

Thimio alimjaza kiganja mpaka punje zikamwagika.

"Jumatatu binti yangu anakuja darasani," alimwambia. "Ukimtoa tena kabla hadithi haijaisha, utanikuta mimi mlangoni."