Ufupi wa Ukoo wa Stuli

Katika nyumba ya marehemu Stuli kila kitu kilikuwa chini. Komeo la mlango lilikuwa chini, kamba ya kuanikia nguo ilikuwa chini, na kioo cha kunyolea ndevu kilitundikwa pale ambapo mgeni wa kawaida angejiona kifua tu. Marehemu mwenyewe alikuwa mfupi, binti yake aliyeolewa mbali alikuwa mfupi, na mwanawe mkubwa, fundi wa kupaka rangi, mtaa mzima ulimwita Ngazi kwa sababu hapakuwa na ukuta aliowahi kuupaka bila kupanda ngazi. Mwenyewe aliitika jina hilo na kucheka. Utani ukishazoeleka, nani tena atauliza ulianzia wapi?

Mkewe ndiye aliyeacha kucheka. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mashine yake ikikaa barazani, na mwanawe alipewa jina la Kifungo kwa kuwa alianza kutambaa katikati ya vifungo. Kaptula aliyomshonea mtoto huyo alipotimiza mwaka bado ilimtosha, na sasa alikuwa anaelekea miaka miwili. Majirani walimwonea wivu, eti ana bahati, mtoto wake hamalizi nguo. Bahati! Mtoto anayekua humtia mama yake hasara ya nguo, na hasara hiyo kila mama huipokea kwa furaha. Huyu mama alikuwa anaililia na haiji.

Siku aliyompeleka kliniki, muuguzi alimlaza Kifungo kwenye ubao wa kupimia urefu, akamnyoosha miguu, akasoma, kisha akarudia. Hakufoka wala hakulaumu, na hilo ndilo lililomtisha mama. Alisema mtoto hana homa wala minyoo, amedumaa. Mwili wake unabana matumizi, na akili nayo inabaniwa humo humo. Uji mwepesi na mchuzi vinajaza tumbo tu. Alitaka mtoto apewe samaki mwenyewe, apewe yai, apewe maharage ya kupondwa, tena kila siku. Na wasikawie, kwa sababu akishavuka miaka miwili, alichokikosa ni vigumu sana kukirudisha.

Mama wa watu alirudi nyumbani mbio mbio kama anayewahi moto. Lakini chungu hakikuwa chake. Chungu kilikuwa cha mama mkwe wake, Bibi, na katika nyumba ile aliyeshika upawa ndiye aliyeshika serikali. Utaratibu ulijulikana. Vipande vya samaki vilikwenda kwanza kwa Ngazi, maana ndiye anayehatarisha shingo yake juu ili watu wale. Vilivyobaki waligawana wanawake. Mtoto alipewa mchuzi. Bibi aliamini kwamba samaki akichemka, nguvu zake zote hushuka kwenye mchuzi, na kinachobaki ni makapi ya kutafunwa na watu wenye meno. Isitoshe, minofu humfundisha mtoto ulafi.

Usidhani alikuwa mchoyo. Mara nyingi yeye mwenyewe alikomba ukoko akasema ameshiba. Alimpenda Kifungo kama mboni ya jicho lake, na mchuzi ule aliupuliza mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mpaka kikombe kikaisha. Ndiyo maana kugombana naye kulikuwa kugumu. Adui unajua namna ya kumkabili, lakini mtu anayempenda mwanao kuliko nafsi yake utaanzia wapi?

Alianza kwa adabu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka akisema kwamba muuguzi huyo angemwona Stuli asingepoteza muda wake na ubao. Ufupi ni damu, na damu haina dawa. Mama Kifungo akamgeukia mumewe. Ngazi akakuna kichwa, akamwambia amuulize mama. Mwanamume mzima, fundi anayeamuru vibarua, lakini likija suala la chungu ni "muulize mama."

Basi akaanza kuiba. Alinunua yai moja moja, akalichemsha kwenye kopo juu ya makaa aliyowasha kwa ajili ya pasi, akamlisha mwanawe haraka haraka nyuma ya lundo la sare. Kifungo alianza kulizoea. Halafu Bibi akaja kufagia baraza, siku ambayo hakuombwa, akakuta maganda chini ya vitambaa.

Hakupiga kelele. Aliyashika maganda yale mkononi. "Unamlisha mjukuu wangu kwa kificho," alisema, "kama vile mimi namuua kwa njaa?"

Akambeba mtoto, akaingia naye chumbani kwake. Tangu siku hiyo Kifungo alikula mkononi mwa Bibi na kulala kitandani mwa Bibi, na mama yake akaambiwa aendelee na mashine yake. Akaendelea kweli, lakini mishono ilikwenda upogo, akafumua zaidi ya alivyoshona. Kupitia ukutani alisikia kijiko kikigonga kikombe. Ni mchuzi, alijua ni mchuzi, na kila siku iliyopita ilikuwa siku isiyorudi. Usingizi ukampaa. Alimchukia Bibi, akajichukia kwa kumchukia.

Hali ikiwa hivyo, akaja mgeni. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Bibi. Alipozaliwa, Bibi aliugua sana, maziwa yakakauka, na kichanga akachukuliwa na mdogo wake Bibi, mwanamke mgumba aliyefuga mbuzi na kuku mbali sana na pale. Nauli ilikuwa shida, miaka ikapita, na mara ya mwisho Bibi alimwona akiwa bado mtoto mdogo. Simu ilipofika ikaleta sauti, na picha za uso tu. Sasa mama mlezi alikuwa amefariki, na kijana amekuja kukaa na mama yake siku chache.

Aliingia, paji la uso likagonga kizingiti cha juu. Akainama, akaingia tena, akanyooka, na nyumba nzima ikawa ndogo. Ngazi alipomkumbatia mdogo wake, kichwa chake kiliishia kwapani. Lakini sura! Pua ya Stuli, masikio ya Stuli yaliyochomoza, hata mwanya wa Stuli. Bibi alilia kwa furaha, akamshika mashavu, akamtazama toka juu hadi chini, kisha furaha ikaingiwa na kitu kingine usoni mwake.

Jirani muuza mkaa, ambaye hajawahi kukosa sherehe wala msiba, alipita eti kuomba chumvi. Alimpima mgeni kwa macho, akasema kwa sauti ya asali kwamba marehemu kumbe alijua kupanda na mbegu ndefu. Akaondoka akitabasamu, chumvi ameisahau.

Wakakaa kula. Bibi akapakua kama kawaida yake, vipande vinono kwa mgeni na kwa Ngazi, kikombe cha mchuzi kwa Kifungo. Mgeni alimwona mtoto akimkodolea macho, akachambua mnofu, akautoa miiba, akamnyooshea. Bibi akamdaka mkono. Akamweleza kwa upole kwamba pale nyumbani watoto hupewa mchuzi, na kama anamshangaa mtoto kwa udogo wake, asishangae, ukoo wao ni wa watu wafupi, ni damu ya baba yao.

Hapo Mama Kifungo akaacha kula. Swali lilikuwa limemkaa kooni tangu mgeni aliponyooka pale mlangoni, na alijua lingeweza kumtoa kwenye ile nyumba jioni hiyo hiyo. Liwalo na liwe.

"Mama," alisema, "kama ufupi ni damu ya marehemu, huyu shemeji ni wa nani?"

Ngazi akaangusha tonge. Alimwamuru mkewe anyamaze, akaanza kuzungumzia bei ya rangi, akitaka kufunika kombe mwanaharamu apite. Mkewe hakuinamisha macho. Na Bibi, mwanamke aliyeishi na mume mmoja na kumzika kwa heshima, alijua kabisa alipobanwa. Akisema ufupi ni damu, basi kijana huyu si wa Stuli, na muuza mkaa amepata uvumi wa kutembeza mtaani. Akisema kijana ni wa Stuli, basi ajibu ni nini kilichowafupisha wengine.

"Ni wa Stuli," Bibi alisema hatimaye. "Mungu ananiona."

"Najua, mama. Sura hii haina ubishi. Ndiyo maana nimeuliza."

Bibi akamgeukia mgeni. Akamuuliza, kwa sauti ndogo, mama yake mlezi alikuwa anampa nini utotoni. Kijana, asiyeelewa mgogoro aliouangukia, alijibu kwamba hawakuwa matajiri, ila maziwa ya mbuzi yalikuwepo, na yai likitagwa lilikuwa lake kabla ya mtu mwingine yeyote. Marehemu mama huyo alikuwa akisema mkubwa anaweza kungoja, mtoto hangoji.

Bibi akauinua upawa, asipakue kitu. Halafu akamtazama mwanawe mkubwa, mwanamume mwenye ndevu zilizoanza kuwa na mvi.

"Na huyu wangu," aliuliza, "tukianza kumlisha vizuri sasa, ataongezeka?"

Hakuna aliyecheka. Ngazi, aliyeufanyia utani ufupi wake maisha yake yote, aliitazama sahani.

"Hapana, mama," Mama Kifungo alisema. "Wakati wake umeshapita."

"Na mjukuu wangu?"

"Bado kidogo. Lakini ni sasa."

Ngazi ndiye aliyeisogeza sahani yake mpaka mbele ya mtoto. Bibi akaweka upawa chini, akampakata Kifungo, akaanza kuchambua mnofu huku machozi yakimdondoka bila kuyafuta. Mtoto hakuzoea, akatema. Bibi akaliokota tonge kwenye kidevu chake, akalipondaponda, akalirudisha, akimbembeleza amtafunie bibi yake. Alimlisha mjukuu, lakini macho yake hayakutoka kwa Ngazi.