Kichwa cha Shangazi

Shangazi aliacha kuosha nywele wiki nzima kwa makusudi. Mpwa wake alitaka kusomea ususi, na chuo cha kwanza walichokwenda kukitazama kilimtoa udenda: vioo ukuta mzima, viti vyekundu, na mkuu wa chuo mwenye maneno matamu.

Shangazi hakuketi. Alinusa kwanza. Mahali pa ususi hunuka dawa ya nywele. Hapa palinuka rangi ya ukuta. Vichwa vya plastiki vya kujifunzia vilijaa rafuni, nywele zao laini kama zimetoka dukani. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuguswa.

"Wanafunzi wako wapi?"

"Wako darasani, mama, kwenye nadharia."

"Basi mmoja aiache nadharia, aje anioshe nywele."

Mkuu akacheka. Alipomwona shangazi keshavua kitambaa na kuinamia sinki, kicheko kikamwishia mdomoni. Shangazi akafungua bomba mwenyewe. Likakoroma, likatema vumbi.

"Umeniaibisha," mpwa alinung'unika njiani.

"Bora nikuaibishe mimi leo."

Chuo cha pili kilikuwa uchochoroni, dawa inanuka mpaka machozi yanatoka. Mwanafunzi mmoja alimwosha, akamsuka nusu kichwa. Mwalimu akaja, akatazama, akafumua yote.

"Njia imepinda. Anza upya."

Jioni ilimkuta shangazi bado kitini, ngozi ya kichwa inawaka moto.

"Twende zetu," mpwa akasema kwa huruma. "Wamekuumiza."

"Mimi ndiye nitakayekwenda," shangazi akasema. "Wewe baki. Shika kitana."