Ndevu za Jumatatu

Watu hudhani kazi ya kuondoa ndevu ni kuziondoa. Wapi! Kwanza unazifuga. Daktari wa sindano anataka unywele wa kushika kwa kikoleo, kwa hiyo siku kadhaa kabla ya kwenda kwake wembe haugusi uso, na mimi, Fenna Tjarks, mwanamke mtu mzima, mpakiaji wa samaki hapa Bremerhaven, natembea mjini na kidevu kama brashi ya kusugulia sufuria. Ukinyoa, anakurudisha nyumbani. Usiniulize nani alipanga mambo hivi. Ningemjua ningeshamtukana.

Wenzangu wadogo wanachomwa kwa mwanga wa leza, na wana bahati yao, kwa sababu mwanga unakamata nywele nyeusi. Zangu zimeingia mvi nikiwa kwenye foleni. Naapa. Nilipopeleka ombi langu la kwanza bima ya umma zilikuwa nyeusi tii. Walipomaliza kunipima, kunipiga picha, kuniambia hapana, halafu labda, halafu haya ndiyo, zilikuwa nyeupe, na nyeupe ni za sindano ya umeme, inayochoma mzizi wa unywele mmoja mmoja. Tena bima inalipia sindano kwa sharti kwamba aishike daktari. Yuko mama mmoja wa saluni karibu na bandari, mkono wake mwepesi, kazi hiyo anaifanya kila siku. Bima haimtaki, si daktari. Na madaktari hawaitaki kazi, inachosha na haina faida. Pande zetu hizi niliambiwa amebaki mmoja tu, Daktari Wessels wa Oldenburg, na watu wanamsubiri kama wanavyosubiri nyumba za halmashauri.

Jumatatu ile ya Februari ilikuwa zamu yangu ya kwanza kwake. Kibali cha bima kilikuwa kinaisha mwezi wa tatu. Nikiikosa Jumatatu, kibali kinakufa, naanza upya na picha, na vipimo, na barua. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kuliko jina langu.

Nikaomba likizo wiki nzima. Sababu ni kiwandani kwetu. Sheria ya usafi inasema mwenye ndevu avae wavu wa ndevu, ule mfuko mweupe unaoning'inia masikioni, na sheria haiulizi wewe ni nani. Nilishauvaa mara moja, bima ilipotaka kuziona ndevu kwa macho yake. Siku hizo zote nilisimama kwenye mstari wa minofu kati ya wanawake, mimi peke yangu na mfuko usoni, na Enno wa kwenye mashine ya barafu, mwenye ndevu hadi kifuani, akawa ananiita "pacha wangu wa wavu". Nilicheka naye. Nyumbani nililia mpaka macho yakavimba. Nikasema sirudii.

Ijumaa jioni akanipigia Hilke, msimamizi wetu wa zamu.

"Wee Fenna, kesho ni safari ya sukuma wiki. Usiniambie huji."

"Siji."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Niko na kidevu cha Jumatatu."

"Funga skafu. Nje kuna baridi ya kukata masikio, kila mtu atakuwa amefungwa skafu. Nani atakuangalia kidevu? Saa tisa wote watakuwa wamelewa."

"Na ukumbini je? Tukila?"

Akashusha sauti, kama mtu anayetoboa siri ya harusi, "Fenna, wanawake tumeshakubaliana. Malkia ni wewe."

Nilikaa kitako kitandani. Kwetu, kila majira ya baridi, Jumamosi ileile ya Februari, watu wa kazini hutoka pamoja, wanavuta kigari cha mkono kilichojaa chupa, wanatembea mashambani kila mtu na kibilauri chake shingoni kwa kamba, wanaishia hotelini kula sukuma wiki iliyopikwa siku nzima na soseji. Mwishoni wanaume wanachagua mfalme wao na wanawake malkia wao. Mfalme na malkia wanavishwa taya la nguruwe kwenye utepe, wanapigwa picha, na picha inatundikwa pale ukutani. Ni upuuzi mtupu. Lakini wanawake ndio wanaochagua, na wanamchagua mwanamke mwenzao. Nilifanya kazi na wanawake wale miaka na miaka, nikawa nangoja bila kumwambia mtu.

"Nitakuja," nikasema.

Matembezini mambo yalikuwa mazuri, sitaki kudanganya. Upepo ulikuwa unatoka baharini, mitaro imeganda, na skafu yangu ya sufu ilifika hadi chini ya pua. Tulirusha mpira wa mbao barabarani, tukanywa, Hilke akaanguka kwenye nyasi na kukataa kuinuka mpaka apewe kibilauri kingine. Enno alikuwa mfalme wa mwaka uliopita, kwa hiyo yeye na malkia wake ndio walioongoza. Akanisogelea nyuma ya kigari.

"Ee Fenna! Koo linauma, au unaficha mali?"

"Naficha shingo, isikutamanishe."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaenda sambamba nami.

"Jumatatu ndiyo siku yako, sivyo?" akasema. "Mimi nauliza tu. Meno ya mke wangu bima wamegoma. Anatafuna upande mmoja, supu na mkate laini. Wewe ndevu unalipiwa. Na mimi nakatwa mshahara kila mwezi."

"Kwani mimi sikatwi? Nyonga yako ilipotengenezwa, nilikuja kukuuliza?"

"Nyonga ni ugonjwa, bwana. Nilikuwa sitembei."

"Na mimi unadhani nilikuwa natembea?" Nikaishika skafu. "Unadhani hili ni pambo?"

"Sijasema hivyo. Nimesema meno ya mke wangu."

Na hapo alikuwa na haki yake, ndiyo maana nilikasirika zaidi. Mke wake namjua, ni mtu mpole, na kweli anakula kwa shida. Nikamwambia Enno aende akawakaripie bima na si mimi, naye akasema bima hawana shingo ya kukabwa, tukaachana hivyo.

Hotelini joto lilitupiga usoni mlangoni. Jiko la kuni, mvuke wa sukuma wiki, watu wengi ndani ya chumba kimoja. Makoti yakavuliwa, kofia zikavuliwa, skafu zikarundikwa kwenye ndoano. Mimi nikakaa na yangu. Jasho lilianza mgongoni, likaingia shingoni, sufu ikaanza kuwasha kwenye ndevu kama nimepakwa upupu. Nilikula soseji kwa kuipenyeza chini ya skafu. Mtu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa, nikasema mafua.

"Vua hiyo kitu, utaiva pamoja na viazi!" Enno akapiga kelele toka upande wa pili. Watu wakacheka. Nikamwonyesha uma.

Kisha nikainua macho, nikaiona ile picha.

Nilikuwa nimeisahau, au nilijisahaulisha. Ukutani, mstari wa juu karibu na saa, kuna kijana wa kiwandani kwetu na taya la nguruwe kifuani, ndevu fupi zimemjaa usoni, anacheka kwa mdomo tu. Wanaume walimchagua mfalme. Kijana huyo ni mimi, kabla sijawa Fenna. Jina la zamani limeandikwa chini yake kwa wino. Pembeni mwa picha za mwaka uliopita pameachwa nafasi, na misumari miwili tayari imepigwa.

Nikaelewa kitakachotokea, hatua kwa hatua. Wataniita mbele. Gesine, malkia anayeondoka, atanivua skafu, maana taya huvishwa shingo ikiwa wazi. Mpiga picha atapiga. Nami nitatundikwa ukutani na ndevu zilezile, uso uleule, taya lilelile, na kila mwaka atakuwepo mlevi wa kunyoosha kidole toka picha ya juu hadi ya chini na kusema, angalieni, hajabadilika hata kidogo. Nikitoka nje kukimbia, wanawake watasema nimewakataa. Nikibaki, ni hivyo. Nikinyoa, Jumatatu imekwenda. Niligeuka huku na huku, kote ukuta.

Enno akagonga glasi kwa kijiko. "Mabibi na mabwana! Tunaanza na mfalme, halafu mabibi watuambie malkia wao!"

Nikaenda msalani.

Wembe haukosi mkobani mwangu, kama wengine wasivyokosa dawa ya presha. Nilifungua bomba, maji ya barafu. Nikajipaka sabuni ya mikono, ile ya rangi ya waridi yenye harufu ya ndimu. Nikaushika wembe, nikajiangalia. Nikasema kwa sauti, "Usifanye, Fenna. Usifanye, mjinga wewe." Huku mkono umeshaanza shavu la kulia. Ukishanyoa shavu moja, huna tena la kuamua.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Gesine. Amestaafu zamani, bado anakuja safarini kila mwaka, na mwaka huo alikuwa na taya lake kifuani. Akaniona na povu. Sikujua niufiche uso au wembe. Hakushtuka. Alichukua kitambaa cha karatasi, akanipangusa damu kidevuni.

"Hapa bado," akasema, akanigusa chini ya sikio. "Fanya haraka mwanangu, wameshaanza kuita jina lako."

Hakujua habari ya Jumatatu. Kwake nilikuwa mwanamke anayejitengeneza kabla ya picha. Ningemkumbatia, kama nisingekuwa nimejaa sabuni.

Nilitoka bila skafu. Mayowe yalipaa hadi darini. Wanawake walipanda juu ya viti, Hilke analia kama mama wa bibi harusi, Gesine akanivisha taya, likanigonga kifuani, zito na baridi. Na Enno, huyo huyo, akapiga goti kwa nyonga yake ya bima na kunibusu mkono. Nilicheka kwa mdomo na macho na kila kitu. Kwa muda ule sikuwa na habari na Jumatatu, wala na mtu yeyote wa Oldenburg. Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli.

Jumatatu nilikwenda. Utanicheka, lakini nilikwenda. Labda zimeota vya kutosha, nilijiambia ndani ya treni, nikijipapasa. Zilikuwa zinachoma kidole. Daktari Wessels alinilaza, akavuta taa, akapitisha kidole gumba toka sikio hadi kidevu.

"Bibi Tjarks, umenyoa."

"Juzi. Kidogo."

"Sina cha kushika hapa." Alijaribu na kikoleo, mara moja, mara mbili, kikateleza. Hakuwa mkali. Alinihurumia, na huruma yake iliniuma kuliko ukali. "Pole sana. Nimewakatalia watu wengi ili nikupe nafasi hii."

Nje, binti wa mapokezi akatazama kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Kabla ya kibali kuisha sina nafasi," akasema. "Itabidi uombe bima upya. Ukianza leo, wakikubali, nafasi ya mwanzo ninayoiona ni mwakani, Februari."

Simu ikalia nikiwa bado nimesimama pale. Hilke. Alikuwa ametuma picha kwanza: mimi na taya, kidevu kinang'aa kama yai. Kisha akapiga.

"Vipi sindano? Imeuma?"

"Hakuna sindano. Nilinyoa."

"Lakini nilipokuona umetoka na uso laini nikadhani daktari amekuruhusu!"

"Nani aruhusu, Hilke? Nilinyoa kwa ajili ya picha."

Nikasikia mashine za kiwandani nyuma yake.

"Mjinga wewe," akasema. "Fenna, tulikuona na wavu wiki nzima ile. Ndipo tulipokubaliana, siku zile zile, chumba cha chakula. Tulisema, yule anayesimama pale na mfuko usoni na bado anakuja kazini, huyo ndiye malkia. Ungekuja na ndevu zako tu."

Rahisi kusema. Ukutani si kidevu chake. Lakini pia nilijua hanidanganyi, na nilitamani awe ananidanganya.

"Bibi Tjarks?" binti akaniita. "Niandike?"

"Tarehe ngapi hiyo?"

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Ilikuwa Jumatatu, ile inayofuata Jumamosi ya safari ya sukuma wiki. Na mwakani safari naiongoza mimi. Malkia anayeondoka ndiye anayesimama mbele ya watu wote, shingo wazi, kulivua taya na kumvisha mwenzake. Nilijipapasa shavu. Zilikuwa zimeshaanza kutoka, ngumu, nyeupe, hazina haraka.

"Niandike," nikasema.