Marahaba Iliyochelewa

Mhoja alikuwa na desturi ya kwao Usukumani: akimsalimia mama mkwe wake hupiga magoti, hata penye vumbi. Costancia, mzaliwa wa milima ya Vidunda, aliona fahari moyoni kila aliposalimiwa hivyo, ingawa hakuwahi kuitamka.

Mchana mmoja madereva wa malori walikuwa wamejaa katika kibanda chake cha chakula pale Mikumi, wali umeungua, na Mhoja amechelewa kurudi kutoka kliniki na mtoto. Hata hivyo alipiga magoti kwanza. "Shikamoo, mama."

"Shikamoo zako zinaivisha wali?" Costancia akafoka. "Inuka huko, unawazibia watu njia!"

Madereva wakaangua kicheko. Mhoja akainuka, akapakua chakula, akaosha masufuria yote. Kesho yake akambeba mwanawe Imani mgongoni, akarudi kwa wazazi wake, waliokuwa wamehamia Lumuma kutoka Usukumani. Haukupita muda Alex, mumewe na mwana pekee wa Costancia, akamfuata. Costancia akabaki na masufuria yake na presha.

Presha hiyo ndiyo iliyompeleka kwa muuguzi Perpetua, aliyekuwa akiwafundisha kina mama kupumua.

"Vuta hewa kwa pua, Mama Alex, mpaka tumbo lijae. Sasa itoe polepole kwa mdomo. Hapana, hapana! Hivyo unapuliza moto."

"Mwanangu, kazi yangu si ndiyo hiyo?" Kina mama wakacheka.

"Basi leo poza uji wa mtoto. Ukipuliza kwa nguvu utamrukia usoni."

Hapo Costancia hakucheka. Kabla hawajaondoka, alikuwa akimpozea Imani uji kila asubuhi. Kumbe pumzi hiyo alikuwa nayo siku zote, ila aliitunza kwa ajili ya kikombe tu. Akaanza kuizoeza kibandani: mteja akinung'unika, kuni zikigoma kuwaka, alipoza uji kwanza, ndipo akajibu. Watu wakasema mama amekuwa mpole. Kila aliposifiwa, alimkumbuka yule ambaye upole huo haukumfikia.

Mavuno yalipokwisha alifunga kibanda, akapanda gari la Kilosa, na kutoka huko akaendelea hadi Lumuma. Alimkuta Mhoja uani, akipukuchua mahindi.

Mhoja akasimama wima. "Shikamoo."

Hakupiga magoti. Hasira ya zamani ikampanda Costancia. Akavuta hewa kwa pua, akaitoa polepole, na katika utulivu ule akaona kwamba aliyemwambia Mhoja ainuke ni yeye mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Na ile ya siku ile kibandani, marahaba."

Mhoja akalitazama gunzi lililokuwa mkononi mwake. "Nimeipokea, mama. Kinyongo sina. Lakini kibandani sirudi."

Akaingia ndani, akatoka na kigoda na vikombe viwili vya uji: kimoja cha mgeni, kimoja cha Imani, aliyemfuata nyuma akiwa ameshika kanga yake. Uji ulikuwa ukifuka mvuke. Costancia akanyoosha mkono kukipokea kikombe cha mjukuu wake, pumzi ikiwa tayari kifuani.

Mtoto akawahi kukichukua.

"Napuliza mwenyewe," akasema, akapuliza taratibu, bila kumwaga hata tone.

Costancia akaitoa pumzi yake polepole. Haikuwa na cha kupoza.