Hedifoni Nzito ya Chengo

Chengo, muuza vitunguu wa soko la Kongowea, alikuwa na vitu viwili vya kujivunia hapa duniani: mkono wake na mdomo wake. Mkono ulijua kupima. Kitunguu kikitua kiganjani, anakwambia kama ni kizima au kimekufa ndani, na mizani haijambishia hata siku moja. Mdomo nao, ehe, mdomo haukuwa na siku ya mapumziko. Aliurithi kwa marehemu mama yake, kisha akauongezea wake.

Na mdomo huo huo ndio uliotaka kumkosesha dada yake.

Velma, mdogo wake wa pekee, alikuwa Uarabuni mwaka wa pili sasa, akifanya kazi hotelini. Kila Jumapili alasiri walicheza gemu ya vita kwenye simu, yeye kule na Chengo chumbani kwake Ziwa la Ng'ombe, wakizungumza humo humo ndani ya gemu. Mtu mzima wa miaka arubaini, ndevu zina mvi, anajibanza nyuma ya jiwe la kuchorwa akiogopa risasi za watoto asiowajua! Chengo alijua fika anavyoonekana. Lakini Velma ukimpigia simu ya kawaida husema yeye mzima, akakata. Ni mpaka mikono yake iwe na shughuli ndipo moyo unapofunguka, kama wanawake wanaosemezana ya moyoni huku wanakuna nazi.

Tatizo lilikuwa makelele. Spika ya simu ilimpelekea Velma kila kitu: redio ya jirani, pikipiki za barabarani, na Chengo mwenyewe, tena mara mbili mbili. Jumapili iliyopita Velma akachoka. Akasema ana neno amelibeba mwezi mzima, na atalisema mara moja tu.

"Kaka, tafuta hedifoni. Nikisikia tena makelele hayo, neno langu nalimeza, wala sitalitoa tena."

Wiki nzima Chengo hakuwa na raha. Alikisia kwamba kazi imemchosha dada yake, na dawa alikuwa nayo tayari: mvumilivu hula mbivu. Alikwisha kumwambia hivyo kiasi cha mara thelathini. Hakuona ubaya wowote kumwambia tena, ila safari hii kwa sauti safi.

Jumamosi akafunga meza mapema, akaenda kwa Ami Abdulghani, mzee mwenye kibanda cha vitu vya simu nje ya soko. Akaamkua shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba hedifoni ya waya yenye maiki, ya bei ya muuza vitunguu. Mzee akamtolea mbili. Moja nyeusi, nyepesi, sponji nyembamba, ukiitazama unaionea huruma. Ya pili kubwa, ina taa nyekundu ubavuni. Bei zilikaribiana. Mzee akamshauri wazi achukue nyepesi, kwa sababu ile kubwa maiki yake hana uhakika nayo. Akamwomba hata achomeke kwenye simu, arekodi sauti yake na kuisikiliza kabla hajalipa.

Hapo ndipo akili ya soko ilipomponza Chengo. Sokoni, mali anayoisifu muuzaji ndiyo inayomkalia. Chengo alilijua hilo vizuri, maana ndivyo afanyavyo mwenyewe: vitakavyooza kesho, leo ndivyo anavyovisifu. Basi kila mara mzee alipoisifu ile nyepesi, yeye alicheka kimoyomoyo. Akaipima kiganjani, ikawa kama ganda tupu. Akaipima ile kubwa, mkono ukashuka. Hata akainusa, Mungu amsamehe. Habari ya kujaribu akaikataa, kwani mjuzi wa vitunguu hakati kitunguu ndipo akinunue.

"Ami, mkono wangu haujanidanganya," akasema.

"Haya, mwanangu," mzee akajibu. "Lakini hiyo si kitunguu."

Jumapili akaivaa, akaingia kwenye gemu. Shingo ikalalamika, taa zikawaka, akajiona rubani wa ndege. Sauti ya Velma ikamjia safi, kana kwamba wamekaa mkeka mmoja. Chengo hakungoja. Akamwaga mvumilivu hula mbivu, akaifuatisha baada ya dhiki faraja, akapachika na subira huvuta heri. Alihubiri dakika kumi nzima.

"Kaka, upo?" Velma akauliza. "Naona askari wako amesimama kando yangu, kimya. Basi usiseme kitu. Nisikilize tu."

Chengo akakipuliza kile kijiti cha maiki, akakigonga, akakifokea. Kimekufa ndani. Mkono ukaenda kwenye waya auchomoe, arudie spika. Lakini akichomoa, makelele yatarudi, na neno litamezwa. Akauacha waya.

Velma akasema mkataba mpya umeletwa, na hajautia sahihi. Mgongo unamuuma. Kuna siku zinapita hajaulizwa hali na mtu yeyote.

"Nataka kurudi, kaka. Na ninayemwogopa si majirani, ni wewe. Kila nikianza kukwambia, unanitupia methali, nami naona haya kuendelea. Leo ndiyo mara ya kwanza umeniacha nikamaliza."

Aibu ilimpanda Chengo mpaka kwenye zile sponji. Mara thelathini! Machozi yakamtoka, mwanamume mzima, taa nyekundu zinamwakia masikioni.

"Utanipokea?" Velma akauliza. "Kama ni ndiyo, chutama."

Katika gemu hiyo kuna kitufe cha kumchutamisha askari. Chengo akakibonyeza. Askari wake akachutama, akasimama, akachutama tena, mara saba, mara nane, hadharani kabisa bila hata kichaka. Velma akacheka kicheko ambacho Chengo hakuwa amekisikia tangu siku walipoagana uwanja wa ndege. Mara akatokea mtoto wa watu, akawapiga risasi wote wawili.

Jumatatu Ami Abdulghani alimwita akamwuliza maiki ameionaje. Chengo akakiri kwamba ilikuwa imekufa tangu dukani. Mzee hakumcheka. Akamtolea ile nyepesi wabadilishane, wala hakutaka nyongeza.

"Niwekee, ami," Chengo akasema. "Kwa sasa hii iliyokufa inanifaa zaidi. Nitaichukua dada yangu akishafika."