Wanaolala Karakanani

Mtengeneza magodoro alipofungua karakana yake Jumatatu asubuhi, alimkuta baba yake mzazi amelala kwenye godoro la futi tano kwa sita, ambalo mteja angelifuata mchana. Mzee huyo alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita. Alilala ubavu, mdomo wazi, anakoroma. Mwanawe alimsogeza kidogo asije akalalia mshono ambao haujaisha, akachukua sindano ndefu, akaendelea na kazi.

Mteja alipofika hakufurahi.

"Fundi, sasa huyu mzee nimpeleke wapi?"

"Chukua lile la pembeni, saizi ni hiyohiyo. Huyu muache. Kabla hajafa alikesha sana."

Mtengeneza magodoro mwenyewe hakuwa amepata usingizi tangu mvua zianze. Alilala chali, kifudifudi, akahamia sakafuni, akarudi kitandani. Hata mchana hakutulia. Akishona pembe moja hutoka nje, hurudi, hufumua alichoshona, hutoka tena. Jasho lilimtiririka na hali hakukuwa na joto.

"Mji mzima unalalia magodoro yako," mkewe alimtania, "halafu wewe kope mbili tu zinakushinda kuzifunga!"

Kisha shangazi marehemu wa fundi naye akaja, akajilaza miguuni pa mzee. Hapo mkewe akaacha utani, akamkokota mumewe hospitali.

Daktari, mama mmoja wa sauti ya taratibu, aliwauliza sana habari za ukoo. Vipimo vilipotoka akawaita wote wawili.

"Kwenye ubongo wa kila mtu kuna protini ya prioni, wala haimdhuru. Ila koo chache zinairithi ikiwa na kasoro. Mtu akishakuwa mtu mzima, inaweza kujikunja vibaya, na kila protini nyingine inayoigusa nayo inajikunja vilevile. Kwako imeanzia pale panapoongoza usingizi."

"Dawa yake?"

"Hatuna, baba. Mna watoto?"

"Binti mmoja," alisema mke. "Anaolewa karibuni."

"Huenda anayo, huenda hana. Ni nusu kwa nusu. Kuna kipimo, na kuna njia za kumkinga mtoto atakayezaliwa. Kupima au kutopima ni hiari yake. Lakini aambiwe."

Kaka mkubwa wa mgonjwa alikuja karakanani siku hiyohiyo. Aliketi ukingoni mwa godoro, akamvutia shangazi yake shuka vizuri.

"Shemeji, hawa walikufa na nini?" mke alimuuliza.

"Homa ya ubongo."

"Wote wawili?"

"Homa haina adabu, shemeji." Akashusha sauti. "Wakwe wakilisikia hili, ndoa hakuna. Na mabinti zangu nao nani atawaoa? Acha kwanza harusi ipite."

"Mimi pia mlinificha."

"Ungekubali kuolewa?"

"Ningechagua mwenyewe."

Mgonjwa, aliyekuwa akizunguka meza muda wote huo, alisema atamwambia binti yake Jumapili.

Jumapili binti alikuja na gauni lake mkononi. Baba alisimama mbele yake, akafungua kinywa, na maneno yakamtoka yamekunjamana, hakuna lililoshikika. Akamwonyesha kwa kidole waliolala.

"Nawaona, baba. Wamechoka," binti alisema, akamfuta jasho. "Na wewe pumzika basi."

Harusi ikafanyika. Baba wa bibi harusi alizunguka ukumbi tangu mwanzo hadi mwisho bila kukaa, wageni wakasema furaha imempanda kichwani. Baada ya hapo mwili ulimwisha, akafa macho wazi. Kaka yake aliwaambia waombolezaji kuwa ilikuwa homa ya ubongo.

Msiba ulipoanuliwa, mjane alifungua karakana na kumkuta mumewe kalala kando ya baba yake. Alizigusa kope zake. Zilikuwa zimefumba barabara. Alilia, na ndani ya kilio hicho kulikuwa na nafuu iliyomtia aibu. Alipomaliza alijifunga mtandio, akaenda moja kwa moja kwa binti yake kumwambia.

Binti alifungua mlango, na kabla hata ya salamu akaushika mkono wa mama yake, akauweka tumboni kwake.

"Hongera, mwanangu," mama alisema. Mengine akayameza, na kila walipoonana akayameza upya.

Mtoto alipozaliwa aliletwa karakanani, akalazwa katikati ya babu yake na baba wa babu. Hapohapo akasinzia. Baba Mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwoneni! Usingizi huo kaurithi kwetu!"

"Afadhali yeye, Baba Mkubwa," binti alisema akipiga miayo. "Mimi siku hizi sipati hata lepe."

Sindano ya mama yake, ambaye sasa ndiye aliyeshona magodoro, ilisimama katikati ya mshono.

"Uchovu wa uzazi huo," alisema Baba Mkubwa. Akainuka, akasukuma godoro jipya hadi ukutani, akalikung'uta vumbi.

"Njoo ujinyooshe hapa."

Binti alijilaza. Akageukia ukuta, akageukia watu, akageukia ukuta tena. Mama yake akaendelea kushona.