Mgongo Uliofutwa Ukutani

Alipokuwa kijana watu walimpa jina la Pumzi, kwa sababu wenzake walipoingia mzunguko wa mwisho midomo wazi kama samaki waliotolewa majini, yeye alikuwa bado anayo ya akiba. Mbio zake zilikuwa za mita elfu moja na mia tano, mbio zenye ubishi: ndefu mno kwa mwenye kasi tupu, fupi mno kwa mwenye uvumilivu tupu. Alizishinda nyumbani, akazishinda ugenini, akaleta dhahabu, akaweka rekodi ya taifa ambayo mpaka leo vijana wanaitazama kama mtu anavyotazama kitu kilichowekwa juu ya kabati. Tangu enzi hizo mpaka mvi zilipomjaa kichwani, hakuwahi kupanga foleni benki bila mtu kumwambia, "Bingwa, pita mbele."

Naye alikuwa anapita. Tusimsingizie unyenyekevu.

Basi uwanja alioanzia ulipokarabatiwa, kamati ikaamua kwamba jukwaa kuu lipewe jina lake, na ukuta wa mlangoni uchorwe picha yake kubwa. Kazi akapewa binti mmoja mchoraji wa mabango, mkimya, suruali yake ina rangi nyingi kuliko ukuta. Binti akaomba picha ya kunakili. Ya kumaliza mbio ilikuwepo, lakini humo Pumzi amefumba macho na kukunja uso kama anang'olewa jino. Picha nzuri ilikuwa moja tu, ya siku ile ya rekodi, pale kwenye kona: uso umetulia, goti liko juu, vidole vimelegea. Ila mbele yake katika picha hiyo yupo mtu mwingine, anaonekana mgongo na kisogo.

Huyo ndiye Kamba. Na kwa wasioijua riadha, lazima nieleze. Mbio zikiandaliwa ili rekodi ivunjwe, hutafutwa mtu wa kuvuta. Huyo hutangulia kwa mwendo waliokubaliana, anakata upepo, na bingwa anakaa mgongoni kwake ametulia kama abiria. Inapokaribia kengele ya mzunguko wa mwisho, mvutaji anachepuka, anaingia kwenye majani, anashika kiuno. Kazi yake imekwisha. Kwenye matokeo haandikwi popote, maana hakumaliza.

Kamba alimvuta Pumzi miaka yote ya ujana wao. Tena alikuwa shemeji yake. Pumzi alizoea kupita nyumbani kwa kina Kamba baada ya mazoezi kuomba maji, mpaka wazee wa nyumba ile wakashtuka kwamba kiu ya kijana huyu si ya maji. Akamuoa dada yake Kamba. Pumzi alipoendelea kusafiri na kupigwa picha, Kamba akajifunza ufundi wa makochi, na mpaka leo anashona vitambaa na kugonga misumari, kifua kimejaa vumbi la sponji.

Siku moja kabla ya sherehe, Pumzi alikwenda kukagua ukuta wake. Aliupenda toka mbali. Alipokaribia, fundi bomba aliyekuwa anafunga koki karibu na mlango akainua kichwa.

"Mzee, kumbe ulikuwa wa pili?"

"Wa pili wapi?"

"Si huyo hapo yuko mbele yako. Na anavyokwenda, sijui kama ulimpata." Fundi akacheka peke yake, akarudi kwenye spana yake.

Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anapoteza muda tu. Lakini maneno yale yalimkata maini Pumzi. Alisimama pale akiutazama ule mgongo mpana, na akaona namna vizazi vyote vijavyo vitakavyopita mlangoni vikiuliza swali la fundi bomba. Akaenda chini ya ngazi ya mchoraji.

"Binti yangu, huyu wa mbele mtoe."

"Nimtoe niweke nini, mzee?"

"Weka anga. Anga halikosi rangi."

Binti hakushuka. Alitazama brashi yake kwanza. "Nimeyachora macho yako yanamwangalia yeye. Nikimtoa, yatakuwa hayaangalii kitu."

"Macho ya bingwa huangalia mbali," Pumzi akajibu, na jibu lenyewe likampendeza hata akalirudia njiani akienda nyumbani.

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi gauni. Bibi huyu hakuwa mtu wa kuimba, lakini jioni ile alikuwa anaimba.

"Mume wangu, sikukwambia. Juzi nilipita uwanjani, nikawapiga picha ukutani, wewe na kaka. Nikamtumia. Basi kule kwake hakuna aliyelala. Kanunua shati jipya, na wajukuu wanakuja wote kumwona babu yao. Unajua yule hajawahi kuwa hata kwenye gazeti."

Pumzi akasema, "Vizuri," akaweka kikombe cha chai chini kama kikombe kile kina moto.

Angeweza kurudi. Uwanja haukuwa mbali, na rangi ya anga pengine ilikuwa bado mbichi. Angeweza kumpigia mwenyekiti wa kamati aombe namba ya binti, lakini mwenyekiti angeuliza kuna nini, naye angesemaje? Akajiambia atakwenda asubuhi na mapema. Asubuhi gari la kamati lilikuja kumchukua kabla hajamaliza kunyoa, na ndani ya gari watu walikuwa wanamsifu, na mtu anayesifiwa ni vigumu kusema simamisheni nishuke.

Sherehe ilijaa. Kamba alikaa mstari wa mbele na shati lake, mikunjo ya dukani bado inaonekana kifuani, wajukuu wamepangwa kando yake waking'aa kwa mafuta. Mwenyekiti akavuta kitambaa, kitambaa kikaanguka, watu wakapiga makofi. Pumzi alikuwa peke yake ukutani, chini ya anga kubwa la buluu, macho yamekaza kutazama pasipo na mtu. Mahali palipofutwa palionekana. Buluu ya pale ilikuwa nzito kidogo kuliko ya jirani yake.

Mkewe alikuwa ameanza kupiga makofi. Akaacha.

"Kaka yuko wapi?"

"Labda mchoraji kakosea," akasema Pumzi.

Neno hilo hakulitunga, lilitoka lenyewe, jepesi. Na kabla hajapata nafasi ya kulimeza, mkewe alikwishaondoka na mkoba wake kwapani, akaenda moja kwa moja alikokuwa amesimama binti.

"We mwanangu, juzi si nilimwona hapa mtu? Umempeleka wapi? Unafuta mtu kama unafuta ubao?"

Mwenyekiti akasikia, akasogea. "Hata mimi nilishangaa, mama. Usijali, ule ukuta wa upande wa pili tutamtafuta mtu makini."

Binti alimtazama Pumzi, mara moja tu, kama anayempa mtu zamu yake ya kuongea. Pumzi akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa dawa vizuri sana.

Akaitwa kwenye kipaza sauti. Alizungumza vizuri, kwa kuwa alikuwa amezoea. Alisema ushindi haupatikani kwa mtu mmoja. Alisema anawashukuru wote waliomuunga mkono, kila mmoja kwa nafasi yake. Watu wakashangilia, na Kamba alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Kila kofi la Kamba lilimfikia Pumzi peke yake katikati ya makofi ya wengine wote.

Watu walipotawanyika kwenye soda, Pumzi alimwendea Kamba.

"Shemeji," Kamba akaanza, "leo umezungumza kama waziri. Nilikuwa nasubiri utuahidi barabara."

"Shemeji, ni mimi niliyesema wakufute."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Yule binti alinipigia jana. Namba yangu alipewa na dada, siku ile ya kupiga picha. Akaniomba radhi kwanza, ndipo akapaka. Mtoto ana adabu."

"Ulijua, na ukaja?"

"Sasa watoto nishawaambia, mashati yao yamepigwa pasi. Niwageuze njiani? Nikasema twende, watakunywa soda."

"Na dada yako hukumwambia."

"Nilidhani utamwambia mwenyewe usiku." Kamba alisema hivyo bila kukunja uso, akimfungia mjukuu mmoja kifungo cha kola. "Mimi kutoka kabla ya mwisho si jambo geni kwangu, shemeji. Hilo silalamikii. Ila yule mtoto wa watu wanamnyang'anya kazi pale, na wewe umesimama hapa na mimi. Hilo halikai sawa. Nenda."

Pumzi akaenda. Ulikuwa mwendo mfupi, kutoka kwenye viti hadi ukutani. Mkewe na mwenyekiti walikuwa bado wamemzunguka binti, ambaye sasa alikuwa anafunga makopo yake.

"Mchoraji hakukosea," akasema. "Alimchora vizuri. Mimi ndiye niliyemwamuru amtoe."

Mwenyekiti akacheka haraka haraka, akimtafutia mlango wa kutokea. "Bingwa naye kwa utani."

"Si utani. Alinikatalia, nikamlazimisha. Tena nimesimama hapa nikamwachia lawama. Ukuta wa pili auchore yeye."

Kicheko cha mwenyekiti kikafa polepole. Mke wa Pumzi hakupaza sauti. Alimgeukia binti, akampangusa doa la rangi shavuni kwa kidole chake, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Kisha akamtazama mumewe kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye mvi. "Tutaongea nyumbani," akasema, na Pumzi akatamani angemtukana palepale, mbele ya watu, yaishe.

"Nimrudishe, mzee?" binti akauliza.

"Mrudishe."

"Nitaanza kesho. Lakini itabidi nikwangue kwanza. Itaonekana ukuta umechubuka kwa siku kadhaa."

"Acha uonekane."

Wajukuu wa Kamba walikuwa wamesogea kusikiliza, kama kawaida ya watoto panapoharibika jambo. Yule mkubwa wao, msichana mwenye gauni lililobana mabega, akamvuta Pumzi mkono.

"Babu, kwani nani kamfuta babu yetu?"

Pumzi akachuchumaa ili asimjibu kutoka juu. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Sikutaka watu wanione niko nyuma yake."

Msichana akautazama ukuta muda mrefu, ule uso mtulivu, goti lililoinuka, ile buluu nzito. Alikuwa anataka kuelewa kweli, hakuwa anasuta mtu.

"Lakini si ulishinda?"

Pumzi alikuwa mtu aliyewajibu waandishi wa habari ugenini, kwa lugha alizojifunza ndani ya ndege. Nyuma ya mtoto alimwona Kamba anatikisa chupa ya soda kuangalia kama imebaki kitu, na mke wake mwenyewe amempa mgongo.

"Nilishinda," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Ehe?" mtoto akatega sikio.

Ikabidi alirudie neno lile kwa nguvu, hapohapo alipochuchumaa, na wote waliokuwa karibu wakalisikia.